Nani Alilipa Kwanza? Mjadala juu ya Filamu za Kolwezi

Mwaka 1980 watazamaji wa Ufaransa waliiona Kolwezi, mji wa Congo, katika filamu ya Raoul Coutard, La Légion saute sur Kolwezi, inayosimulia jinsi askari wa miavuli wa Legioni ya Kigeni walivyoushukia mji huo Mei 1978. Mji walioutazama haukuwa Kolwezi. Filamu ilipigwa Guyana ya Ufaransa, ng'ambo ya Atlantiki. Raoul Peck alipotengeneza Lumumba, iliyotoka mwaka 2000, Congo ilikuwa vitani, akapigia picha zake Zimbabwe na Msumbiji, ingawa Lumumba mwenyewe aliuawa Katanga. Nayo The Siege of Jadotville ya 2016, inayohusu mji uitwao Likasi leo, ilipigwa Afrika Kusini. Kwa muda mrefu ukanda wa shaba uliwakilishwa na ardhi ya watu wengine. Halafu kamera zikaja zenyewe. Bram Van Paesschen, Mbelgiji, alitoa Pale Peko Bantu Mambo Ayikosake mwaka 2008, juu ya wachimbaji wadogo wa Katanga, kisha Empire of Dust mwaka 2011, juu ya Wachina waliokuja kutengeneza barabara ya Kolwezi na Lubumbashi. Thierry Michel alitoa Katanga Business mwaka 2009. Idriss Gabel akatoa Kolwezi on Air mwaka 2016, na Emmanuel Gras, Mfaransa, akatoa Makala mwaka 2017. Hizo ni filamu tano zinazostahili kutazamwa, na waongozaji wake wote wametoka Ulaya.

Mjadala huu unahusu jinsi filamu huru inavyozaliwa katika mazingira hayo. Wazungumzaji watatu niliowaweka hapa ni wa kubuni: mama mtayarishaji wa Lubumbashi, kijana mpigapicha wa komuni ya Manika, na mchumi wa serikali ya mkoa. Filamu na sheria wanazozitaja ni za kweli. Mimi nina upande wangu, na sitauficha. Nadhani filamu huwa ya yule aliyelipa fedha ya mwanzo, ile inayotolewa wakati mwongozaji bado hana cha kuonyesha zaidi ya shauku yake. Na nadhani Lualaba, mkoa ulio na Kolwezi, kuliko karibu mkoa wowote wa Congo, haina kisingizio cha kuikosa fedha hiyo.

MTAYARISHAJI: Ndugu mwandishi, umeanza kwa kuhesabu pasipoti, na mimi sipendi hesabu hiyo. Acha nikueleze filamu inavyotengenezwa kwetu. Unaanza na dosie: muhtasari wa hadithi, maelezo ya nia ya mwongozaji, bajeti, barua za washirika, vyote kwa Kifaransa kilichonyooka. Ukitaka fedha za Ufaransa kupitia mfuko wa Aide aux cinémas du monde, lazima uwe na mtayarishaji mwenzako Mfaransa. Ukienda kwa World Cinema Fund ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 2004, unahitaji mshirika Mjerumani. Fedha inapita mikononi mwao kwanza, kisha inakufikia. Sioni aibu yoyote hapo. Frank Mukunday na Tétshim, vijana wa Lubumbashi waliojifundisha wenyewe, walitengeneza Machini kwa mawe, chaki na vitu vilivyotupwa, wakivisogeza kidogo kidogo mbele ya kamera hadi vikawa mji unaomezwa na mgodi. Ni dakika 10 tu, lakini bila Twenty Nine Studio ya Brussels nani angeziona mwaka 2019? Tena tuseme ukweli kuhusu Makala. Kila asubuhi watu wa Kolwezi wanaziona baiskeli zilizobebeshwa magunia ya makaa zikisukumwa kuingia mjini. Ni nani miongoni mwetu aliyewahi kumfuata mwenye baiskeli moja kwa kilometa 50? Alikuja mgeni, akamfuata Kabwita Kasongo kutoka mti unaokatwa hadi gunia linalouzwa, akapata tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki kule Cannes. Filamu ni ya aliyeona.

MWANDISHI: Mama, hoja ya mwisho naikubali. Jicho la mgeni huona kile ambacho mwenyeji amekichoka, na Makala ni filamu nzuri hasa kwa sababu haielezi, haihubiri, inamsindikiza mtu na mzigo wake. Lakini tuulize jicho lile lilikuwa na nini mkononi. Gras alishika kamera mwenyewe, na kundi lake lilikuwa dogo sana, kwa hiyo siri yake haikuwa mitambo. Alikuwa na muda: muda wa kumtafuta mtu anayefaa, wa kuzoeana naye hadi kamera isahaulike, wa kungoja mti uanguke na tanuru liive. Muda huo ulikuwa na mlipaji. Kijana wa Manika anayeuliza swali lilelile kuhusu baiskeli za makaa atatoka na kamera asubuhi, na jioni atakuwa amerudi kwenye harusi au mkutano wa hadhara unaompa chakula. Tukisema hakuona, tunamsingizia. Aliona, lakini hakulipwa kubaki pale.

Kuhusu dosie nina mashaka makubwa zaidi. Dosie inamtaka mwongozaji ajue filamu yake kabla ya kuipiga, aieleze kwa maneno yatakayomgusa msomaji aliyeketi Paris, na amhakikishie kwamba Congo atakayoiona ndiyo ile anayoitambua. Lakini mojawapo ya kazi kubwa zilizotengenezwa kwa ajili ya kioo cha televisheni katika Kiswahili cha Katanga ilifuata njia iliyo kinyume kabisa. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, lililoburudisha ukanda wa shaba kwa miaka mingi redioni na kwenye televisheni, halikuandika mchezo. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwauliza waigizaji hao maana ya msemo mmoja juu ya mamlaka, kwamba huliwa mazima. Wao wakauchukua msemo wakaugeuza mchezo mzima: wakajadiliana, wakagawana nafasi, wakajaribu tukio moja baada ya jingine wakitunga papo hapo, hadi televisheni ikaurekodi. Fabian aliandika kitabu juu ya safari hiyo, Power and Performance, kilichotoka mwaka 1990. Pale mazungumzo ndiyo yalikuwa mswada. Jiulize, mama, kundi hilo lingejaza nini katika ukurasa wa maelezo ya nia ya mwongozaji? Hakuna hila katika mifuko ya Ulaya, lakini imejengwa kwa ajili ya namna moja ya kutunga, na namna yetu ya kutunga haina kisanduku katika fomu zao.

MPIGAPICHA: Mimi nawasikiliza ninyi wakubwa, mnabishana juu ya nani atupe fedha, kana kwamba bila fedha hakuna filamu. Mama, dosie yako inaweza kula miaka miwili. Simu yangu inapiga picha safi kuliko kamera walizokuwa nazo wazee wa Mufwankolo. Kule Kampala, Nabwana I.G.G. alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa kiasi kinachosemwa hakikufika dola 200, akiwa na majirani zake wa Wakaliga na kompyuta aliyoiunga mwenyewe. Leo inatazamwa duniani kote. Hakuomba ruhusa kwa mtu wala hakungoja barua kutoka Berlin. Na hapa kwetu, waandishi wa RTMA, televisheni ya Kolwezi, wamekuwa wakiurekodi mji huu kwa vifaa hafifu. Tusidanganyane: uhuru ni kutengeneza bila kumuomba mtu.

MWANDISHI: Mdogo wangu, mfano wako wa Wakaliga ni mzuri kuliko ulivyodhani, na ndiyo maana utakugeuka. Nabwana alipomaliza Captain Alex aliifuta filamu halisi kwenye kompyuta yake kwa sababu alihitaji nafasi ya kutengeneza inayofuata. Kilichobaki ni nakala ya DVD, na tunachokitazama leo kimetoka humo. Ufukara haukumzuia kutengeneza. Ulimzuia kutunza. Watetezi wa filamu ya simu huniudhi kidogo wanapolisahau jambo hili, kwa sababu kupiga picha ni sehemu rahisi kuliko zote. Baada yake inakuja diski ya kuhifadhi, umeme usiokatika wa kuhariri, mtu wa sauti, mtu wa kutafsiri maneno ya chini, na miezi ya kukaa na saa nyingi za picha hadi ujue umepiga nini. Simu haikupi lolote kati ya hayo.

Mfano wako wa RTMA nao ni mzito kuliko ulivyoutaja. Watu wa kituo hicho waliujua mji mtaa kwa mtaa. Walikuwa na picha, lugha na imani ya watazamaji. Lakini filamu iliyowafikisha kwenye matamasha, Kolwezi on Air, ina jina la Gabel. Simlaumu Gabel, kwani aliwatazama kwa heshima, akaonyesha ugumu wa kazi yao. Ninachouliza ni kwa nini watu waliorekodi habari za mji kila siku wawe mada ya filamu ya mtu mwingine badala ya kuwa watengenezaji wa filamu yao. Jibu lililo karibu ni kwamba televisheni ya mji hulipia taarifa ya leo, na hakuna anayelipia kazi itakayokamilika baada ya miaka miwili.

Tena tunao ushahidi wa kinachotokea anapopatikana mtu wa kulipa hatua ya kwanza. Djo Munga wa Kinshasa, aliyejulikana baadaye kwa Viva Riva!, pamoja na mtayarishaji wa Afrika Kusini Steven Markovitz, waliwapa vijana wachache mafunzo na uwezo wa kutengeneza filamu fupi za hali halisi. Zikakusanywa mwaka 2010 kwa jina la Congo in Four Acts. Mmoja wao, Kiripi Katembo, alifika hadi Kipushi, hapa kwetu kwenye ukanda wa shaba, akaonyesha watu wanaoishi na taka za mgodi. Katembo alifariki mwaka 2015, bado kijana, na sanaa ya Congo ilipata hasara ambayo haijafidiwa. Mwenzake, Dieudo Hamadi wa Kisangani, aliendelea: Atalaku mwaka 2013, Examen d'État mwaka 2014, Maman Colonelle mwaka 2017, hadi En route pour le milliard iliyokuwa filamu ya kwanza ya Congo kuingia uteuzi rasmi wa Cannes, mwaka 2020. Hatua ya kwanza ilikuwa ndogo. Hakutakiwa kuonyesha sifa asizokuwa nazo bado, alipewa nafasi ya kuzipata.

MTAYARISHAJI: Na hatua za baadaye zililipwa na Wafaransa. Usisahau hilo, ndugu.

MWANDISHI: Sisahau, mama. Mtu aliyekwisha kusimama hukutana na fedha za nje akiwa na filamu mkononi, na anaweza kukataa masharti. Ambaye hajasimama hupokea masharti yote. Tazama pia bendera zinavyopangwa. Augure ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, ilipigwa Kinshasa na Lubumbashi, wahusika wake wanazungumza Kifaransa, Kiswahili na Lingala, ikapata tuzo katika kitengo cha Un Certain Regard kule Cannes mwaka 2023. Ilipofika zamu ya kushindania Oscar ya filamu za kimataifa, iliingia kwa jina la Ubelgiji. Mtu anaweza kusema Baloji amekulia huko, na ni kweli. Basi chukua Félicité ya Alain Gomis, ya mwaka 2017. Hadithi yake ni ya Kinshasa na mwigizaji wake mkuu, Véro Tshanda Beya, ni wa Kinshasa. Iliwakilisha Senegal. Senegal ina mfuko wa umma wa filamu, FOPICA, uliotia fedha zake humo, na mwongozaji ana asili ya huko. Congo ilitoa mji, nyuso na muziki. Senegal si tajiri kuliko Congo kwa madini, ila ilikubali kulipa.

MCHUMI: Hapo ndipo ninapotaka kuingia, maana naona unaniangalia mfukoni. Kanuni ya Madini ya Machi 2018 naijua vizuri. Mrabaha wa shaba ni asilimia 3.5. Kobalti ilitangazwa kuwa madini ya kimkakati mwaka huohuo, mrabaha wake ukapanda hadi asilimia 10. Katika mrabaha huo, nusu inakwenda serikali kuu, asilimia 25 mkoani, asilimia 15 kwa komuni, sekta au uchifu ambamo mgodi upo, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hapo, kampuni inatoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya jamii. Najua pia kwamba zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inatoka nchini mwetu, na sehemu kubwa hapa Lualaba. Lakini nenda Kasulo, ambako mwaka 2014 watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao wakachimba hadi sebuleni, kisha mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta. Waulize wenyeji wa pale wanataka nini. Watasema maji, zahanati, shule. Nani atasimama mbele yao na kusema fedha imekwenda kwenye sinema? Jambo la pili ni baya zaidi. Kiongozi wa komuni akitoa fedha, atataka aonekane akikata utepe. Kampuni ikitoa, itataka madawati yake yaonekane. Thierry Michel alitengeneza filamu juu ya mauaji ya mtetezi wa haki za binadamu Floribert Chebeya, na mwaka 2012 akafukuzwa nchini. Ndiye mfadhili unayemtaka?

MWANDISHI: Pingamizi la kwanza nalijibu kwa hesabu yako mwenyewe. Mrabaha wa dola milioni 10 unaacha milioni moja na nusu kwa komuni. Asilimia moja ya hiyo ni dola 15,000. Hakuna zahanati itakayofungwa kwa sababu ya dola 15,000, wakati hizo zingewapa waongozaji watano dola 3,000 kila mmoja: diski mbili, nauli, mafuta ya jenereta, na ruhusa ya kukataa harusi kwa miezi kadhaa. Mkazi wa Kasulo anayetaka maji ana haki ya kuyadai yote, lakini hakuna aliyesema hataki maisha yake yarekodiwe na mtu anayeielewa lugha anayomlaani nayo mwenye ukuta. Tena fedha za komuni zinapopotea, na malalamiko hayo ni ya kawaida, hazipotelei kwenye sinema. Itakuwa ajabu tukianza kubana matumizi kwenye asilimia moja ambayo haijawahi kutolewa.

Pingamizi la pili ni zito, na sitajifanya nina dawa kamili. Lakini tusisahau kwamba sehemu kubwa ya sinema huru ya Ulaya nayo inaishi kwa fedha za umma. Kituo cha sinema cha Wabelgiji wanaozungumza Kifaransa kinalipwa na kodi, na CNC, kituo cha sinema cha Ufaransa, ni taasisi iliyowekwa na sheria ya nchi. Waziri wa Brussels hana adabu ya kuzaliwa inayomzuia kuingilia filamu. Kinachomzuia ni tume inayochagua miradi bila yeye, na desturi iliyochukua miongo kuzoeleka. Burkina Faso imekuwa na tamasha la filamu la FESPACO tangu 1969, ikapita kwenye mapinduzi ya kijeshi zaidi ya moja, na bado tamasha hilo limeonyesha filamu zilizowakera wakubwa wa bara hili. Fedha ya umma haigeuki kuwa ya propaganda yenyewe. Inageuka pale anayeitia sahihi anapopewa pia kusoma mswada. Kwa hiyo mfuko wa komuni za Kolwezi, Manika na Dilala, ukiwepo, usiombe mswada kabisa. Uombe swali, majina ya watu wawili watakaofanya kazi pamoja, na ahadi ya kurudisha nakala moja itunzwe mjini. Wachaguaji watoke nje ya Kolwezi: Picha, taasisi ya sanaa ya Lubumbashi, iliyoanzishwa na Sammy Baloji na Patrick Mudekereza na inayoendesha maonyesho ya kimataifa tangu 2008, ina watu wanaojua kutazama kazi ambayo haijakamilika.

MCHUMI: Na kijana akichukua dola 3,000 akaenda kupiga filamu juu ya nani anakula mrabaha?

MWANDISHI: Kwa filamu hiyo, mheshimiwa, asije kwenye mfuko wako. Aende kwa mama hapa, aandike dosie, atafute Brussels. Si kila kazi italipwa nyumbani, na nchi yoyote yenye sinema inajua kwamba kuna hadithi zinazohitaji fedha za mbali ili zitengenezwe kwa usalama. Tofauti ni kwamba kijana huyo atafika Brussels akiwa amekwisha kutengeneza filamu mbili, anajua anachotaka, na mshirika wake Mbelgiji atazungumza na mwongozaji, hatazungumza na mtu wa kumwonyesha njia na kumtafsiria.

MPIGAPICHA: Tena mtu wa kumwonyesha njia huwa ni mimi.

MTAYARISHAJI: Basi, mwanangu, andika. Lakini andika kwanza kwa burugumesta, uone kama atakujibu.

MWANDISHI: Aandike, na asiandike peke yake. Bajeti ya komuni ni waraka wa umma, na watu wa Manika na Dilala wana haki ya kuuliza mstari wa utamaduni una kiasi gani, umetumika wapi, na kwa nini haujawahi kumlipa mtengeneza filamu hata mmoja kama ndivyo ilivyo. Vikundi vya maigizo, watangazaji wa RTMA, wapigapicha wa harusi na walimu wa shule za sanaa wapeleke ombi moja kabla bajeti ijayo haijapitishwa, waeleze kiasi, idadi ya filamu, na jinsi wachaguaji watakavyopatikana. Asilimia moja ya fungu la komuni ni ombi dogo. Likikataliwa, likataliwe kwa maandishi.